Uniti 30 na joto la Mombasa: bei ya stima inavyopangwa

Viwango vya bei ya stima vilivyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2023 vilipangiwa kumaliza muda wake Juni 2026, na kama ilivyo ada kila bei inapofika wakati wa kupitiwa upya, gumzo la mji limeshikilia swali moja tu: itapanda au itashuka? Ni swali la haki, maana hakuna nyumba isiyoguswa. Lakini linatupeleka kando. Bei ikipunguzwa kwa shilingi moja au hata mbili, mpangaji wa chumba kimoja Majengo, Kisauni au Likoni hapa Mombasa ataendelea kununua kila uniti kwa bei ya juu kuliko mwenye nyumba ya mapumziko Nyali iliyofungwa mwaka mzima, maadamu bei nafuu imewekewa mpaka wa uniti 30 (yaani kilowati-saa 30) kwa mwezi, na mpaka huo unahesabiwa kwa mita wala si kwa kaya. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Na anayeamua mpaka ukae wapi ni EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Kenya Power, ambayo ndiyo hupokea matusi yote, haina ruhusa ya kuusogeza hata kwa uniti moja.

Tuanze na nani hufanya nini. KenGen na wazalishaji binafsi huzalisha umeme, KETRACO hujenga njia kuu za kuusafirisha, na Kenya Power huununua kwa mikataba ya miaka mingi kisha ikatuuzia rejareja. Kwa mujibu wa Sheria ya Kawi ya 2019, Kenya Power haiwezi kujipangia bei. Hupeleka ombi kwa EPRA likiwa na makadirio ya gharama za miaka inayokuja: ununuzi wa umeme, matengenezo, mishahara, madeni, na faida inayoruhusiwa juu ya mali iliyowekezwa. EPRA huyapekua makadirio hayo, hukata inachoona hakifai, huita umma kutoa maoni, kisha hutangaza bei ya msingi kwa kila kundi la wateja. Bei hiyo ya msingi haibadiliki ovyo. Kinachobadilika mwezi hadi mwezi ni nyongeza: gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya thamani ya shilingi dhidi ya sarafu za kigeni, na marekebisho ya mfumko wa bei ambayo hupitiwa kila nusu mwaka. Nyongeza hizo huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Kwa hiyo mtu anaponunua tokeni ya shilingi 1,000 mwezi huu akapata uniti pungufu kuliko mwezi uliopita, mara nyingi si kwamba bei imepandishwa kimyakimya. Ama nyongeza zimepanda, ama yeye mwenyewe amehamishwa daraja. Sababu hii ya pili ndiyo isiyozungumzwa.

Madaraja yenyewe ni matatu kwa mteja wa nyumbani. Natumia viwango vya Aprili 2023. Vimeguswa kidogo tangu hapo lakini muundo ni uleule. Anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya msingi ya shilingi 12.22 kwa uniti. Kuanzia 31 hadi 100 ni shilingi 16.30. Kupita 100 ni shilingi 20.97. Juu ya bei hiyo huja nyongeza za mwezi, kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, tozo ya asilimia 5 ya kusambaza stima mashinani, na tozo za EPRA na za rasilimali za maji ambazo ni za senti tu. Tuseme nyongeza za mwezi kwa jumla zimefika shilingi 5 kwa uniti. Tokeni ya shilingi 1,000 itampa mteja wa daraja la chini uniti kama 48, wa daraja la kati kama 39, na wa daraja la juu kama 32. Pesa ni ileile, stima ni ileile, na pengine waya wenyewe ni wa nguzo moja. Mgawanyo wa pesa hizo unaonekana kwenye ujumbe wa tokeni, na asiyeuona apige *977# aangalie taarifa za mita yake. Inafaa kila mtu aisome hesabu hiyo walau mara moja kabla ya kulalamika, ili ajue alalamikie kipi.

Sasa tazama mpaka wenyewe unavyokata. Watu wengi hudhani uniti 30 za kwanza hubaki na bei nafuu hata ukizipita, na kwamba bei kubwa hutozwa kwa zile zilizozidi tu. Sivyo. Ukivuka, uniti zako zote huhamia bei ya juu. Uniti 30 kwa bei ya msingi ni shilingi 366.60. Uniti 31 ni shilingi 505.30. Ile uniti moja ya ziada imemgharimu mteja shilingi 138.70. Kwenye mpaka wa pili ni balaa zaidi: uniti 100 ni shilingi 1,630, uniti 101 ni shilingi 2,117.97, tofauti ya karibu shilingi 488 kwa uniti moja. Haikuwa hivi daima. Kabla ya mabadiliko ya 2018, uniti 50 za kwanza za kila mwezi zilikuwa shilingi 2.50 kwa kila mteja wa nyumbani, na zilizofuata hadi 1,500 zikawa shilingi 12.75, pamoja na ada ya kudumu ya shilingi 150. Ada ile iliondolewa 2018 na watu wakaifurahia, lakini pamoja nayo ulikwenda mtindo wa kupanda ngazi kwa ngazi. Mwishoni mwa mwaka huohuo daraja nafuu liliwekwa kwenye uniti 100 kwa shilingi 10. Aprili 2023 likashushwa hadi 30.

Kwa nini 30? Hoja ya kushusha ilikuwa kwamba nafuu ya uniti 100 ilimeza karibu kila mtu, wenye uwezo na wasio nao, na kwamba nafuu inayokwenda kwa kila mtu lazima ilipwe na viwanda na biashara. Hoja hiyo ina mashiko, nitairudia. Lakini uniti 30 za Limuru, kwenye baridi ya bara, si sawa na uniti 30 za Mombasa, na mtu akitaka kulithibitisha hili ahesabu vyombo vilivyomo ndani ya chumba. Feni ya kawaida ya wati 60 ikiwashwa saa 10 kwa siku, yaani usiku mzima na kidogo mchana, hula uniti 18 kwa mwezi. Balbu tatu za wati 9 zikiwaka saa 5 kila jioni ni uniti 4. Televisheni ya wati 50 kwa saa 5 ni uniti 7 na nusu. Simu mbili tatu za kuchaji ni kama uniti 1. Jumla imeshapita 30, na hapo hakuna friji, hakuna pasi, hakuna birika la stima. Ukitoa feni, ambayo mtu wa Limuru haihitaji, chumba hichohicho kinatumia uniti 12 na nusu na kinakaa kwa raha ndani ya bei nafuu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, feni si anasa kwenye nyumba ya mabati yenye dirisha moja. Mtoto mchanga hapati usingizi bila hiyo. Friji ndogo nayo, ambayo kwa mama anayeuza samaki au maji baridi ni chombo cha kazi, huongeza uniti kama 30 peke yake.

Halafu kuna wastani wa miezi mitatu. Daraja la mteja hupangwa kwa kuangalia wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita, na kwa mita ya tokeni matumizi maana yake ni uniti zilizonunuliwa. Mfano: kaya imetumia uniti 38 Januari, 36 Februari na 34 Machi. Wastani ni 36, kwa hiyo Aprili inaingia ikiwa daraja la kati. Mvua zinaanza, joto linapungua, wanatumia uniti 24 tu mwezi huo, lakini wanatozwa shilingi 16.30 kwa kila moja. Mei wastani wa Februari, Machi na Aprili ni 31.3, bado hawajashuka, ingawa wametumia 22. Ni Juni ndipo wastani unafika chini ya 27 na bei nafuu inarudi. Miezi miwili ya kujinyima imelipiwa kwa bei ya joto lililokwisha. Wastani una faida yake, sikatai, maana humlinda mteja asirushwe juu na mwezi mmoja wa wageni au msiba. Lakini kwa Pwani, ambako joto hukaa miezi minne mfululizo, kinga hiyo hugeuka ikawa mzigo.

Yote hayo ni madogo ukilinganisha na nyumba ya Kiswahili. Wasomaji wa hapa wanaijua: ukumbi katikati, vyumba sita au zaidi pande mbili, choo na jiko uani, na mita moja ukutani karibu na mlango. Kila chumba ni kaya. Chukua vyumba sita, kila kimoja kikitumia uniti 25, yaani kila kaya iko ndani kabisa ya kiwango ambacho EPRA imekitambua kuwa ni cha wanyonge. Kwa macho ya mita hiyo ni nyumba moja inayotumia uniti 150, daraja la juu kabisa. Bei ya msingi inakuwa shilingi 3,145.50. Kila kaya ingekuwa na mita yake, jumla ingekuwa shilingi 1,833. Kila chumba kinalipa shilingi 218.75 zaidi kwa mwezi, kabla ya VAT na tozo ya asilimia 5 ambazo nazo hupanda pamoja na bei ya msingi. Wakati huohuo nyumba ya mapumziko iliyofungwa, inayowashiwa taa ya usalama tu, hununua uniti zake kwa shilingi 12.22. Mpangilio uliobuniwa kumsaidia maskini umemkosa pale anapoishi kwa wingi, ukamwangukia asiyeuhitaji. Na hapo hatujamtaja mwenye nyumba anayefunga mita ndogo kila chumba na kuuza uniti kwa shilingi 35 au 40 apendavyo, ilhali sheria inataka leseni kwa anayeuza umeme. Mpangaji hana pa kushtaki, maana jina lake haliko kwenye mita yoyote inayotambulika.

Wanaoutetea mpaka huu wa uniti 30 husema nini? Hoja yao nzito ni ya hesabu. Gharama za kuendesha mfumo hazipungui kwa sababu bei ya kundi moja imepungua. Mitambo mingi hulipwa ada ya kuwa tayari hata isipozalisha, mikataba mingi ni ya dola au yuro, na shilingi iliyoondolewa kwa mteja wa nyumbani itatafutwa kwa kiwanda cha saruji, hoteli au mashine ya barafu ya wavuvi. Ukirudisha nafuu hadi uniti 100 kwa wote, unaweza kufukuza ajira ambazo hao hao wapangaji wanazitegemea. Naikubali hoja hii, na ndiyo maana sitetei kurudi 2018. Hoja ya pili, kwamba mpaka mkali hufundisha watu kubana matumizi, ina ukweli nusu. Humfundisha mwenye uniti 29 na mwenye 99. Aliyefika 60 hana motisha yoyote ya kushuka hadi 55, kwa kuwa daraja lake halibadiliki. Ngazi za zamani zilikuwa zikimpa sababu ya kubana popote alipo.

Dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba wapangaji wajitafutie mita zao. Anayeisema hajaufuatilia mchakato. Ili chumba kipate mita yake, nyaya za nyumba lazima zitenganishwe kuanzia mwanzo, kila chumba na kisanduku chake cha fyuzi na swichi kuu, fundi mwenye leseni ya EPRA akague na kutoa cheti, mwenye nyumba akubali, mwombaji awe na kitambulisho na namba ya mlipa kodi ya KRA, kisha ada ya kuunganishwa ilipwe, mara sita. Mpangaji anayehama baada ya miezi minane hawezi kuwekeza kwenye ukuta wa mtu. Mwenye nyumba naye, sehemu nyingi za Majengo, anamiliki nyumba bila ardhi. Ardhi ni ya mwingine, na wasiwasi wa kuambiwa aondoke humfanya asitake kugusa nyaya za miaka 40. Kwa hiyo kusema "wajitafutie" ni kulitupia tatizo la sera begani mwa aliye dhaifu kuliko wote.

Upande wetu nao una hoja zake za hovyo, na ni bora tuziache kabla ya kuingia kikao chochote. Mojawapo ni ile ya kwamba Pwani ipunguziwe bei kwa kuwa mitambo ya Kipevu na Rabai iko kwetu. Bei ya rejareja ni moja nchi nzima, na gharama ya mafuta hugawanywa kwa wateja wote. Kipevu na Rabai ni mitambo ya mafuta mazito, ghali kuliko umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria. Siku bei ikipangwa kwa eneo, Mombasa ndiyo itakayolia, kwa sababu sisi ndio tunaotegemea mitambo hiyo zaidi saa za jioni. Usawa wa bei nchini ni ngao yetu.

Udhibiti pia umetukinga mahali ambapo wengi hawaoni. Umeme mwingi hupotea njiani, kwa nyaya chakavu, mita mbovu na wizi. Kwa mwaka ulioishia Juni 2024 Kenya Power ilipoteza kama asilimia 23 ya umeme ilioununua. EPRA hairuhusu hasara hiyo yote iingizwe kwenye bei. Kiwango kinachokubaliwa kimekuwa chini ya asilimia 20, na kinachozidi hulibana shirika lenyewe. Kwa upande mwingine, hatari ya sarafu hupitishwa nzima kwa mteja. Dola ilipofika karibu shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, nyongeza ya fedha za kigeni ilipanda nayo, na shilingi ilipopata nguvu hadi karibu 130 miezi michache baadaye, ikashuka. Hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari kuubeba mzigo huo. Mdhibiti anaweza kuweka kikomo kwenye hasara, basi anaweza pia kulazimisha mikataba mipya iwe na sehemu inayolipwa kwa shilingi. Hilo ni la muda mrefu, lakini lazima lisemwe.

Kuhusu punguzo la jumla, tuna mfano wa karibu. Januari 2022 bei ilishushwa kwa asilimia 15 baada ya ripoti ya kamati ya rais, na ahadi ikawa asilimia nyingine 15 itafuata. Ya pili haikuja. Ya kwanza ilikwisha mwishoni mwa Desemba 2022, na miezi mitatu baadaye zikaja bei mpya na mpaka wa uniti 30. Punguzo la asilimia lilidumu mwaka mmoja, muundo wa madaraja ukabaki. Ndiyo sababu naona nguvu zetu zielekezwe kwenye muundo.

La kwanza ni kurudisha ngazi. Kila mteja apate uniti 30 za kwanza kwa 12.22, 70 zinazofuata kwa 16.30, na zaidi ya hapo kwa 20.97. Kaya ya uniti 60 ingelipa shilingi 855.60 badala ya 978. Mteja wa uniti 150 angelipa shilingi 2,556.10 badala ya 3,145.50. Nyumba yetu ya vyumba sita ingepata nafuu ya karibu shilingi 590 hata kabla ya kuguswa suala la mita. Pesa hizo zitapungua kwenye mapato ya Kenya Power, na sitaki kulificha hilo: viwango vya ngazi ya juu vitabidi vipande kiasi, hasa kwa wenye viyoyozi. Mimi naona ni haki.

La pili ni kundi jipya la wateja: mita ya pamoja, iliyosajiliwa kwa idadi ya kaya zinazoitumia, ili nyumba ya vyumba sita ipewe uniti 180 za bei nafuu. Watasema udanganyifu utakuwa mwingi. Utakuwepo, ila vyumba huhesabika, na anayesoma mita au kubadilisha mita tayari hufika mlangoni. EPRA ilipotaka kusukuma pikipiki na magari ya umeme ilitengeneza kundi lake la bei mwaka huohuo wa 2023, shilingi 16 saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku. Basi kundi jipya si jambo lisilowezekana. Ni suala la nani ameliomba.

Na kuomba kuna namna yake. Kelele za ukumbini huandikwa mstari mmoja kwenye ripoti, tena kwa maneno ya jumla. Maoni ya maandishi yenye takwimu ni magumu kupuuzwa. Chama cha wapangaji, kamati ya msikiti au kanisa, au kikundi cha mtaa kinachotaka kusikika kikusanye taarifa za miezi 12 za mita kadhaa za pamoja, kuanzia Januari ili joto lionekane, na pembeni ya kila mita kiandike idadi ya vyumba na watu. Kionyeshe uniti kwa kila kaya, daraja linalotozwa, na daraja ambalo kaya hiyo ingekuwamo kama ingekuwa na mita yake. Kiambatanishe nakala za jumbe za tokeni. Kisha kitaje wazi kinachoombwa: ngazi badala ya mpaka mkali, na kundi la mita ya pamoja. Mamlaka ikikataa, itoe sababu, na sababu hizo zinaweza kupelekwa mbele ya jopo la rufaa la kawi na petroli lililoundwa chini ya Sheria hiyohiyo ya Kawi ya 2019.